Chupa ya chai ya wageni: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kwa nyumba inayokaribisha wageni wanne hadi sita kwa mara moja, chupa mbili za lita moja zinafaa kuliko moja kubwa ya lita tatu. Lita moja hutoa vikombe vitano au sita vya chai. Moja iwe ya chai ya maziwa, nyingine ya chai ya rangi, na zote zisitiwe sukari. Siku hizi ni nadra kukosa mgeni mwenye kisukari au aliyeacha sukari, na ukishaikoroga ndani ya chupa huwezi kuitoa. Ni kweli kwamba chupa kubwa iliyojaa hupoa polepole kuliko ndogo iliyojaa, lakini nyumbani chupa kubwa haikai imejaa. Vikombe vinne vikishatoka, nafasi yake huchukuliwa na hewa, kila ukifungua joto linatoka, na mgeni anayechelewa anamiminiwa chai vuguvugu.

Chupa yoyote ya maana ina kuta mbili, na hewa iliyokuwa katikati yake imeondolewa. Ubunifu huo ni wa James Dewar, mwaka 1892, na haujabadilika sana. Penye ombwe, yaani pasipo hewa, joto halipati kitu cha kupitia, na mng'ao wa fedha uliopakwa kwenye kioo hurudisha ndani joto linalotaka kutoka kwa mnururisho, yaani bila kupitia kitu, kama joto la jua linavyotufikia. Njia kubwa iliyobaki ni shingo na kizibo. Kwa hiyo dukani anza na kizibo. Rangi na maua baadaye.

Kizibo kizuri cha kumimina kina kitufe kinachofungua njia ya chai bila kukitoa kizibo chote, na kinafunguka vipande vipande: kitufe, springi, mpira wa duara. Mwombe muuzaji akifungue mbele yako. Kisipofunguka, kiache, hata kama chupa yenyewe inapendeza. Maziwa huingia ndani ya kizibo, hukauka nyuma ya springi na kuoza, na baada ya wiki chache kila chai inatoka na harufu isiyoondoka kwa kusuuza. Chupa nyingi hutupwa kwa sababu hiyo, ilhali ukuta wake bado mzima. Angalia pia mpira: uwe mnene, laini, usio na mshono uliopasuka. Tia maji, funga, ilaze chupa juu ya karatasi kavu kwa dakika mbili. Karatasi ikilowa, chukua nyingine.

Ya kwanza: ya chuma ndani na nje, ya kumimina

Hii ndiyo ya kununua kama nyumba ina watoto au sakafu ya vigae. Ikianguka hubonyea, haimwagi vipande vya kioo kwenye chai. Chagua yenye shingo ambayo brashi ya chupa inapita bila kulazimishwa. Shingo pana sana hurahisisha usafi lakini hupoteza joto haraka.

Tatizo la chuma ni kwamba kasoro haionekani kwa macho. Chupa ya bei ya chini huweza kuwa na kuta mbili zenye hewa katikati, bila ombwe lolote. Kipimo chake ni kimoja: jaza maji yanayochemka, funga, subiri dakika kumi, kisha shika ubavu wake katikati. Ukihisi joto, ombwe halipo. Joto dogo karibu na shingo ni la kawaida, kwa kuwa hapo ndipo kuta mbili zinapokutana. Dukani kusipokuwa na maji ya moto, patana na muuzaji kwamba utaipima nyumbani na kuirudisha siku hiyohiyo, na akuandikie hivyo kwenye risiti.

Alama ya 18/8 au 304 kwenye kitako maana yake ni chuma chenye takriban asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli, kinachovumilia tangawizi na ndimu bila kushika kutu. Wauzaji wengine hutumia sumaku kuthibitisha. Sumaku ikinasa kwa nguvu, hiyo kweli si 304, lakini isiponasa hujathibitisha kitu, maana zipo aina hafifu ambazo nazo hazinasi.

Ya pili: ya kioo ndani, ya kumimina

Kwa bei ileile, kioo mara nyingi hutunza joto vizuri kuliko chuma, kwa sababu kioo ni kipitishi duni cha joto hata pale shingoni. Hakishiki harufu, na doa la chai hutoka kwa urahisi. Katika nyumba ya watu wazima watupu, ningeipandisha hii iwe ya kwanza.

Ichunguze hivi. Mulika ndani kwa tochi ya simu: mng'ao wa fedha uwe sawa kote, usio na mabaka meusi. Itikise taratibu, kikisikika kitu kinacheza, kioo hakijakaa vizuri. Fungua kitako kama kinafunguka. Chini ya kioo kuna ncha ndogo, mahali kilipozibwa baada ya hewa kutolewa, na ncha hiyo lazima ikae juu ya mto wa mpira. Mto ukikosekana, ncha hugonga plastiki, huvunjika, hewa huingia na chupa inakufa siku hiyo. Ile desturi ya kuweka sikio mdomoni na kusikiliza mvumo haithibitishi chochote: chombo chochote chenye uwazi huvuma.

Uliza kama duka linauza kioo cha akiba cha ukubwa huo. Kama hakuna, unanunua chupa ambayo ikianguka mara moja tu, imekwisha.

Ya tatu: yenye umbo la dele, birika la kahawa

Hizi ndizo zinazopendeza kuliko zote juu ya sinia, pamoja na tende, halua na vikombe vidogo. Kwa kahawa chungu ni chombo kamili: kikombe cha kahawa huchukua kama mililita 50, hivyo lita moja ni vikombe 20. Usizitie maziwa kamwe. Mdomo wake mrefu uliopinda haufikiwi na brashi.

Ya nne: ya kubonyeza kichwani

Lita mbili na nusu au tatu, yenye pampu na mrija. Inafaa penye watu wengi wanaojihudumia wenyewe na chupa inayoisha kwa muda mfupi, kama kisomo au kikao cha harusi. Chuja chai mara mbili, maana nyuzi za tangawizi huziba valvu na pampu hubaki ikitoa hewa tu. Mrija usipofika karibu na kitako, kikombe cha mwisho hakipandi.

Jagi la plastiki lenye povu ukutani liache kabisa kama unatafuta chombo cha chai. Halina ombwe. Linafaa juisi baridi.

Ikishafika nyumbani

Kabla ya kutia chai, suuza kwa maji ya uvuguvugu, kisha jaza maji ya moto, funga, subiri dakika tano, mwaga. Kioo baridi kikipokea chai inayochemka ghafla hupasuka. Chuma baridi hunyonya joto la kikombe cha kwanza. Jaza hadi sentimita mbili chini ya kizibo. Usikoroge ndani kwa kijiko cha chuma.

Chai ya maziwa isishuke chini ya nyuzijoto 60, kwa sababu hapo bakteria huanza kuongezeka. Ikishakuwa ya vuguvugu, inyweni ndani ya saa mbili au imwagwe. Kuipasha na kuirudisha kwenye chupa hakuirekebishi.

Madoa yaondoe kwa kijiko kidogo cha magadi katika maji ya moto, yakae nusu saa. Ukoko mweupe wa maji ya chumvi hutoka kwa siki. Usitie jiki kwenye chupa ya chuma: klorini hutoboa vishimo vidogo ambavyo havizibiki. Ihifadhi ikiwa wazi, kizibo pembeni kikiwa kimefunguliwa vipande vyake. Na siku ya kununua, chukua mpira wa kizibo wa akiba hapohapo dukani, kwa sababu mpira huchakaa kabla ya chupa na si rahisi kupata unaolingana baadaye.