Miezi minane na programu ya kusimamia mtandao: kijani hapa, nyekundu pale

Kwa miezi minane sasa ninatumia programu ya kusimamia mtandao katika shule ya sekondari ya bweni mkoani Tanga, ambako visambaza Wi-Fi 14 huripoti kwenye seva moja ndogo iliyomo ofisini kwangu. Kwa kazi za kila siku sina malalamiko: kubadilisha nywila ya walimu katika vifaa vyote huchukua dakika chache, kazi ambayo zamani ilinilia asubuhi nzima. Kilichonisumbua ni sehemu inayoonyesha hali ya muunganisho.

Januari, wiki ambayo wanafunzi waliripoti, kisambaza cha ofisi ya uhasibu kilianza kuonekana chekundu kwenye orodha ya vifaa, yaani kimekatika, huku kwenye ramani ya mtandao, ndani ya programu ileile na dakika ileile, kikiwa cha kijani. Baada ya saa moja au mbili kilirudi chenyewe, kisha kikapotea tena. Nilibadilisha kebo, nikabana vichwa vipya vya RJ45 (plagi za kebo ya mtandao), nikakihamishia kwenye tundu jingine la swichi ya mtandao, na mwishowe nikakirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani. Kitengo cha msaada cha watengenezaji kilinishauri nisakinishe programu upya, nami nikapoteza Jumamosi nzima bila faida yoyote.

Ajabu ni kwamba hakuna mtumiaji aliyelalamika. Nilipoingia na ngazi kwa mara ya tatu, mhasibu aliniuliza, "Mwanangu, unatengeneza nini tena? Intaneti kwangu inakwenda vizuri tu." Alisema kweli, kwa sababu kisambaza kilichofungwa namna hii hupitisha tu data za watumiaji kuelekea kwenye ruta (kifaa kinachotuunganisha na intaneti), anwani yake yenyewe ya IP, yaani namba yake kwenye mtandao, ni ya usimamizi, na ikivurugika, anayeumia ni mimi. Wakati tukizungumza, printa iliyo pembeni ya meza yake ilikuwa ikitema stakabadhi za ada mfululizo.

Kwa siku mbili niliandika saa za kila kukatika, nikaona zinafuatana na saa ambazo printa ile ilikuwa imewashwa. Nikafungua jedwali la ARP kwenye seva, ambalo huonyesha kila anwani ya IP inashikiliwa na kifaa gani hasa, nikakuta 192.168.1.114, anwani ya kisambaza, imeambatana na anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe) iliyoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma ya printa. Aliyeifunga printa aliipa anwani hiyo kwa mkono, katikati ya safu ambayo ruta hugawa kwa DHCP, yaani utaratibu wa kuvipa vifaa anwani bila mtu kuziandika. Na kwa kuwa printa ilikuwa imezimwa likizo yote ya Desemba, ruta iliiona anwani iko wazi, ikakipa kisambaza.

Kumbe skrini zile mbili zilikuwa zikijibu maswali tofauti. Orodha husubiri ripoti ambayo kisambaza chenyewe hutuma kwa seva, na ripoti hiyo haikukamilika, maana majibu ya seva yalikuwa yakienda kwa printa. Ramani, kwa upande wake, hupiga pingi (ujumbe mfupi wa kuuliza kama kuna kifaa) kwenye anwani na kuridhika na yeyote atakayeitika. Kijani nilichokiamini wiki mbili kilikuwa cha printa.

Hapa ndipo ninapoinyima programu hii nyota mbili kati ya tano. Kugongana kwa anwani ni kosa letu wenyewe, wala sitaki kumtwika mwingine. Lakini programu inayo MAC ya kila kifaa ilichosajili, na ingeweza kulinganisha na ile iliyojibu pingi kabla ya kupaka rangi. Hata saa ya ripoti ya mwisho, ambayo ingenionya mapema, imefichwa ndani ya ukurasa wa kifaa, mibofyo mitatu kutoka kwenye orodha.

Printa sasa ina 192.168.1.20, nje ya safu ya DHCP, na kisambaza nimekihifadhia anwani yake kwenye ruta. Tangu siku hiyo hakijageuka chekundu, isipokuwa umeme unapokatika, na hapo ramani na orodha husema jambo moja.