Kalenda ya mezani yenye swali la kila siku
Kalenda hii ya kuchana, ambayo kila karatasi yake ina swali mbele na jibu nyuma, imekaa mezani kwangu miezi mitatu, na kilichonivutia zaidi ni maelezo ya maneno: karatasi moja inaonyesha kwamba sita, saba na tisa yametoka katika Kiarabu, ilhali nane, lililobanwa katikati yao, ni la Kibantu. Maswali ya hesabu nayo si haba. Zidisha 37 kwa 3, upate 111. Sayansi ndiyo iliyolegea, kwani inadaiwa kuwa maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi popote, ilhali juu ya mlima, ambako kanieneo ya hewa hupungua, huchemka kabla ya kufika hapo. Gundi nayo ni dhaifu: nikichana karatasi moja, tatu huifuata.