Jumamosi Sita za Anthropolojia kwa Walimu: Nilicholipia na Nilichopata

Nina miaka kumi na minne kwenye shule ya msingi, na sasa nafundisha darasa la tano huku Mbagala. Kozi hii ya utangulizi wa anthropolojia kwa walimu nililipia mwenyewe shilingi 90,000. Ilikuwa Jumamosi sita, saa tatu asubuhi hadi saa saba, kwenye chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Jina lake nalihifadhi kwa kuwa nina malalamiko yangu, ila nianze na hili: hela yangu haikupotea bure.

Siku ya kwanza mkufunzi wetu, mama wa makamo, hakuanza na maana ya neno. Aliuliza tu, "Mtoto anayeanza darasa la kwanza anajua nini?" Tulikuwa walimu ishirini na wawili, na kila jibu lilianza na "hajui": hajui kusoma, hajui kushika penseli, hajui kukaa akatulia. Akayaandika yote ubaoni, kisha akauliza tena swali lile lile. Ukumbi ukawa kimya.

Ndipo akatueleza kwamba anthropolojia ni kumsoma binadamu pale anapoishi, ukiwa umekaa naye, kama mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski alivyopiga hema katikati ya kijiji huko visiwa vya Trobriand, Bahari ya Pasifiki, kati ya 1915 na 1918. Baadaye Malinowski alifundisha London, na mwanafunzi wake mmojawapo alikuwa Jomo Kenyatta. Mwaka 1938 Kenyatta alichapisha kitabu juu ya Wagikuyu wenzake, na humo ameweka sura nzima kuhusu namna mtoto alivyofundishwa kabla Wazungu hawajafika. Mtoto wa wakati ule alikuwa tayari na walimu wake, na somo, na mitihani. Nilikuwa namjua Kenyatta kama rais tu.

Jumamosi ya pili ilinigusa zaidi. Tulisoma utafiti uliochapishwa 1985 kutoka Recife, Brazili, kuhusu watoto watano wanaouza mitaani. Mmoja, wa miaka 12, aliulizwa bei ya nazi kumi, moja ikiwa kruzeiro 35. Hakuongeza sifuri mwishoni kama tunavyofundisha sisi. Alisema tatu ni 105, na tatu nyingine 210, akapanda hadi 315, akamalizia 350. Kwa maswali 63 ya biashara, watoto wale walipatia asilimia 98. Hesabu za namna hiyo hiyo zilipowekwa kavu kwenye karatasi, bila nazi wala mteja, wakapatia asilimia 37.

Darasani kwangu yuko binti anayeuza vitumbua na mama yake alfajiri kabla ya kuja shule. Kwenye ripoti yake ya hisabati nilikuwa nimeandika "hajitahidi". Jumatatu nilimwita pembeni: vitumbua saba vya mia mbili mbili, mteja ametoa elfu tano. "Vitano buku, viwili mia nne, narudisha elfu tatu na mia sita, mwalimu." Mimi nilikuwa bado naitafuta chaki. Ripoti ile nimeiandika upya.

Zoezi kubwa la kozi ni kukaa saa mbili na mtu anayefanya kazi na kuandika unachokiona tu, bila "mvivu", bila "vizuri". Nilikaa kwa fundi cherehani wa mtaani kwetu. Kijana anayejifunza kwake alikuwa na shati la sare: anakata nyuzi kwa wembe, anapachika vifungo, anapiga pasi ya mkaa. Mara tatu aliigeuza kola kuangalia mshono umepita wapi, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nikamuuliza fundi ni lini atamkabidhi mkasi.

"Mkasi ni wa mwisho, mwalimu. Akishona vibaya tunafumua. Akikata vibaya, nani atamlipa mteja kitambaa chake?"

Jumamosi iliyofuata ndipo tukasomeshwa kwamba Jean Lave, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliyaona hayo hayo miaka ya 1970 kwa mafundi cherehani wa Monrovia, Liberia: mwanafunzi anaanza na umaliziaji wa nguo, anafuata ushonaji, ukataji mwisho. Anapofika kwenye mkasi, nguo nzima ameshaishika mara mia. Sisi kwenye insha tunafanya kinyume. Tunampa mtoto kichwa cha habari na ukurasa mweupe, yaani tunaanza kwa kukata. Wiki hizi nawapa insha iliyokosa aya ya mwisho tu, waimalizie. Watoto wanne waliokuwa wakirudisha daftari tupu sasa wanaandika.

Sasa malalamiko. Vitini vyote vilikuwa nakala za Kiingereza zilizofifia, ilhali mkufunzi anafundisha kwa Kiswahili kitamu. Kwa nini asituandikie hicho hicho? Chimbuko la binadamu lilipitishwa kwa dakika arobaini, na nyayo za Laetoli, za miaka zaidi ya milioni tatu na nusu, ziko hapa hapa nchini.

Kubwa zaidi ni historia ya fani yenyewe. Mwenzetu kutoka Bukoba aliuliza kuhusu Hans Cory, ambaye serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilimwajiri akusanye sheria na mila za makabila kama Wahaya na Wasukuma, zitumike kututawala. Akajibiwa muda umekwisha. Swali lile lilistahili Jumamosi nzima, kwa sababu na sisi tunaingia nyumbani kwa watu na madaftari yetu.

Kwa mwalimu wa msingi, naipendekeza bila kusita. Kwa zoezi la saa mbili, tafuta mtu asiyejua kazi yako. Fundi wangu ananifahamu, na nusu saa ya kwanza alimkaripia yule kijana ili mimi nione anafundisha. Ilinibidi nirudi kesho yake.