Rangi za Maji: Nunua Namba, Usinunue Jina

Mwaka wangu wa kwanza wa kuchora kwa rangi za maji nilinunua tyubu tatu za bluu, kila moja na jina lake tamu. Siku nilipozigeuza nikasoma maandishi madogo ya mgongoni, nilikuta zote tatu ni PB15:3. Nilikuwa nimenunua kitu kimoja mara tatu.

Hiyo PB15:3 ndiyo kitambulisho cha rangi. Kila pigmenti, yaani ule unga unaotoa rangi, ina namba yake katika orodha ya kimataifa iitwayo Colour Index. P ni pigmenti, B ni bluu, na tarakimu zinasema ni bluu ipi. Jina la mbele hutungwa na kampuni, na kampuni inatunga ipendavyo. PV19 utaikuta ikiuzwa kama waridi hapa na kama zambarau pale. Ukiona neno "hue" kwenye lebo, ujue hiyo ni rangi ya kuiga: imefananishwa na kadmiamu au kobalti, lakini ndani kuna pigmenti nyingine. Si lazima iwe mbaya, ila usiilipie bei ya kadmiamu.

Baada ya namba, angalia uwezo wa kustahimili mwanga. Hapa sina msamaha, kwa sababu kosa lake huonekana baada ya miezi, wakati mchoro umeshatundikwa. Kipimo cha ASTM, shirika la viwango la Marekani, kinaanzia I hadi V, na salama ni I na II tu. Baadhi ya watengenezaji hutumia kipimo cha Blue Wool, 1 hadi 8, ambacho 8 ndiyo imara zaidi. Wengine huweka nyota. PR83, ile nyekundu ya alizarini iliyopendwa na vizazi vya wachoraji, hupauka. Waridi zinazong'aa kama taa hupauka haraka zaidi. Nilipamba maua kwa mojawapo, nikayatundika mkabala na dirisha, na leo yamebaki majani. Kama huamini lebo, paka mstari kwenye karatasi, funika nusu yake kwa kadi nzito, bandika dirishani penye jua, kisha linganisha baada ya miezi mitatu.

Sifa nyingine ni za tabia zaidi kuliko ubora. PB29, ile bluu ya ultramarine, huacha chembechembe: unga wake hutua kwenye vishimo vya karatasi, na anga au jiwe hupata uhai wenyewe bila wewe kuhangaika. PB15:3 na kijani cha PG7 hung'ang'ania karatasi. Ukikosea, burashi yenye maji haitakuokoa. Kisha kuna kupitisha mwanga, ambako mara nyingi huonyeshwa kwa kiboksi: kitupu maana yake mwanga unapita, kilichojaa maana yake rangi inaziba kilicho chini yake, kama PR108, nyekundu ya kadmiamu, inavyofanya. Hesabu pia pigmenti zilizomo kwenye tyubu moja. Ukichanganya tyubu yenye pigmenti tatu na nyingine yenye mbili, umeshaweka tano kwenye tone moja, na tano kwa kawaida huzaa tope.

Sasa tuje kwenye kununua.

Nafasi ya kwanza naipa tyubu ndogo za mililita 5, daraja la wasanii, pigmenti moja moja, sita au saba tu, pamoja na kisanduku cha vikopo vitupu unachokijaza mwenyewe na kuacha zikauke. Mimi ningeanza na PY154 ya manjano, PR254 nyekundu ya moto, PV19 ya waridi, PB29, PB15:3 na kahawia ya PBr7. PB29 ikikutana na PBr7 hukupa kijivu cha kila namna, ndiyo maana sinunui nyeusi. Ya saba iwe PY42, manjano ya udongo, ikiwa unachora udongo na kuta. La sivyo iache. Tahadhari moja: rangi zenye asali nyingi, kama za M. Graham, hazikauki vizuri kwenye hewa yenye unyevu. Ukisimamisha kisanduku zitatiririka. Kwa anayechora mezani ni raha tupu, kwa msafiri ni balaa.

Ya pili ni kisanduku cha vidonge 12 vya rangi iliyokaushwa tayari, daraja la wasanii, mfano Schmincke Horadam au Sennelier. Ubora hauna shaka. Kinachokishusha ni kwamba umechaguliwa rangi na mtu asiyejua unachora nini, na pengine utakuta nyeupe usiyoihitaji.

Ya tatu ni daraja la wanafunzi linalochapisha namba, kama Cotman ya Winsor & Newton au Van Gogh ya Royal Talens. Pigmenti ni kidogo zaidi, kwa hiyo utapaka tabaka nyingi kupata nguvu ileile. Kwa mazoezi ya kila siku zinatosha kabisa, na aliyejifunza kwa Cotman hajapoteza kitu.

Ya mwisho, mbali sana na ya tatu, ni yale makasha ya rangi 48 yasiyo na namba hata moja. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mpe mtoto achezee.

Ukishakuwa na tyubu zaidi ya kumi, kichwa hakitoshi. Programu nzuri ya simu ya kupanga paleti ni ile inayokuruhusu kutafuta kwa namba ya pigmenti, kuweka picha ya sampuli uliyoipaka mwenyewe, kupanga vikopo kwa kuvisogeza kwa kidole, na kutoa data yako yote siku ukitaka kuhama. Kama haina hilo la mwisho, iache, hata kama ni nzuri kiasi gani. Jedwali la kawaida la kompyuta linaifuata kwa karibu sana. Halina urembo lakini halikuzuii kitu. Albamu ya picha bila maelezo ni afadhali tu kuliko kutokuwa na chochote.

Programu nyingi huja na hifadhidata iliyojazwa tayari. Itumie, ila usiiamini kuliko tyubu iliyo mkononi, kwani watengenezaji hubadilisha mapishi na kuliacha jina palepale. Pigmenti PO49 ilipoacha kutengenezwa, jina Quinacridone Gold liliendelea kuuzwa, ndani yake kukiwa na mchanganyiko kama PO48 na PY150. Kuhusu picha za sampuli: subiri zikauke kabisa, maana rangi za maji hufifia zikikauka, kisha zipige kivulini mchana, si chini ya taa. Hata hivyo kioo cha simu hakitakuonyesha chembechembe za PB29, kwa hiyo weka daftari la sampuli za karatasi kando yake.

Mimi hupanga paleti kwenye simu kwanza, ndipo nikamua tyubu. Na kabla ya kuagiza rangi mpya hutafuta namba yake humo. Mara ya mwisho nilikuta ninayo tayari, kwa jina jingine, na kifuniko hakijafunguliwa.