Uzoefu wangu na kituo cha watoto hapa Mbagala, mwaka wa tatu sasa

Naandika kwa wazazi wenzangu mnaosikiasikia habari za hivi vituo vinavyosaidia watoto wa familia zenye hali ngumu kwa pesa za wafadhili, na bado hamjaamua. Mi nauza vitumbua asubuhi, baba yao hayupo, wanangu wawili. Watu wanasema shule bure tangu 2016, kweli ada hakuna, ila sare, daftari, tuisheni, na nauli hata kama mwanafunzi ni 200, piga kwenda na kurudi mwezi mzima, yote hayo yanatoka kwenye vitumbua hivohivo.

Kituo kipo nyuma ya kanisa, wanakutana Jumamosi, sisi Waislamu na hatujawahi kubaguliwa. Kabla hawajamchukua binti yangu walikuja mpaka chumbani, dada mmoja akakalia ndoo maana stuli ninayo moja, akauliza tunakula mara ngapi kwa siku, akanisikiliza mpaka nikamaliza ndo akatoa kalamu. Nilimheshimu palepale.

Wanapata uji, mchana wali maharage, Januari sare na daftari. Ila mi kilichonigusa ni miwani. Alikuwa darasa la nne, shuleni wamejazana nani atamwona, nyumbani mi namchapa nikijua ni uvivu jamani. Mwalimu wa Jumamosi ndo akagundua, akimwambia soma ubaoni anageukia daftari la mwenzie. Wakampeleka hospitali ya CCBRT kule Msasani, wakalipia kila kitu. Siku ya kwanza kuvaa tumesimama Rangi Tatu tunasubiri gari, akaanza kunisomea vibao vya daladala, mama ile Temeke, ile Kariakoo, ile Tandika, zikiwa bado mbali kabisa konda hata hajaita. Nililia mbele za watu, nikikumbuka zile fimbo.

Kinachoniuma ni kwamba nyumba moja wanachukua mtoto mmoja tu. Mdogo wake kila Jumamosi anamsindikiza dadake hadi getini halafu anarudi, na dadake akitoka anakuja na kipande cha mkate kakifunga kwenye leso. Nimeshawaambia mara mbili, wanasema nafasi zinategemea wafadhili, naelewa, lakini naomba hata huyu mdogo awe anaingia kula basi.

Kuandikisha ni mwezi wa kwanza, beba cheti cha kuzaliwa na barua ya serikali ya mtaa, na uwahi, mi nilifika saa moja asubuhi nikakuta foleni ishatoka nje ya geti.