Kliniki inayotazama kizazi kwanza, ndipo itibu

Kliniki hii ya magonjwa ya wanawake jijini Dar es Salaam, ambayo sitataja jina lake kwa sababu sifa zake ninazichanganya na malalamiko, nilielekezwa na shangazi yangu wakati hedhi ilipokuwa nzito kupita kiasi na damu ikaanza kutoka hata katikati ya mwezi. Hospitali niliyotoka ilikuwa imeshaniandikia kusafishwa kizazi.

Kilichonipendeza zaidi ni kwamba daktari hakukimbilia chombo chochote. Alinieleza kwamba hedhi ya kawaida huja kila baada ya siku 24 hadi 38 na haizidi siku 8, akauliza dawa ninazotumia na kama katika ukoo wetu wako wanaotokwa na damu kwa urahisi, kisha akaagiza kipimo cha ujauzito, wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma na ultrasaundi ya ukeni. Hemoglobini yangu ilikuwa chini ya gramu 12 kwa desilita, yaani nilikuwa na upungufu wa damu, na vidonge vya madini ya chuma nilianzishwa papo hapo bila kungoja chanzo kijulikane.

Ultrasaundi ilipoashiria kinyama ndani ya kizazi, nilipangiwa histeroskopi. Bomba jembamba lenye kamera hupitishwa ukeni hadi ndani ya kizazi, maji ya chumvi yakakitanua, na daktari akaona kwenye skrini. Hakuna mahali panapochanwa. Kusafisha kwa kukwangua hufanywa bila kuona, na kinyama kilichojishikiza kwenye kona huweza kubaki palepale huku mgonjwa akiamini amepona. Changu kilikatwa katika kikao hichohicho, kikapelekwa maabara pamoja na sampuli ya utando wa ndani wa kizazi, na majibu hayakuonyesha saratani. Jioni nilikuwa nyumbani.

Sasa malalamiko. Muuguzi aliniambia maumivu ya histeroskopi ni kama ya hedhi tu, jambo ambalo ni kweli kwa wengi lakini si kwa wote, na mimi nilikuwa miongoni mwa hao wengine. Hakuna aliyenishauri kumeza dawa ya maumivu kama saa moja kabla, wala kunieleza kwamba ningeweza kuomba ganzi au nusu kaputi, au kusema wasimamishe. Ada ya maabara nayo niliisikia nikiwa dirishani nalipa. Mwenye bima aulize mapema ni sehemu ipi inayolipiwa.

Ninampa daktari alama nyingi kwa kutouza histeroskopi kama tiba ya kila kitu. Alisema wazi kwamba uvimbe uliozama ndani ya msuli wa kizazi haufikiwi kwa njia hiyo, kwamba kuunguza utando wa kizazi hakumfai anayetaka kuzaa bado, na kwamba wanawake wengine hutosheka na vidonge vya asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza damu ya hedhi, au kitanzi chenye homoni, bila upasuaji wowote.

Kliniki hufungwa jioni na haina kitengo cha dharura, kwa hiyo anayelowesha pedi nzima kila saa kwa saa kadhaa, au anayesikia kizunguzungu na kutaka kuzimia, asiende huko kuomba miadi. Aende moja kwa moja hospitali kubwa yenye damu ya kuongezwa.