Niliambiwa nina mikono mizito: uzoefu wangu na TV ya inchi 43 badala ya monita

Kama si lile neno la "mikono mizito" nisingeandika kabisa. Ningenuna wiki moja, ningezoea, yangeisha. Lakini mtu nimemlipa laki sita na ushee, keshi, noti nimemhesabia mwenyewe juu ya kaunta, halafu ananiambia mbele ya wateja kwamba kinachosumbua ni mikono yangu!

Mimi nahariri video. Harusi, sendofu, kipaimara, na mara mojamoja semina za hawa wageni wanaoshukia Dodoma na mabegi yao ya magurudumu. Usiku watoto wakilala nacheza mpira kwenye PS4. Laptopu yangu ina kioo kidogo, macho yalishaanza kuuma, nikaona nitafute kitu kimoja kimalize yote: kuhariri mchana, gemu usiku, na katikati hapo mama watoto apate tamthilia zake. Nilitoka nyumbani nikiwa na monita kichwani, kile kioo cha kompyuta ya mezani. Kumbukeni hilo. Monita.

Ilikuwa kipindi cha Bunge la bajeti, mji umefurika, kila duka lina mtu wa kukuvuta mkono. Yule bwana hakunivuta, alinishika bega kabisa. "Bosi wangu, monita ya nini? Hela hiyohiyo unabeba TV. Kioo ni kioo." Akawasha, ikaja ile video ya samaki na maua wanayoiweka kwenye kila TV dukani, rangi zinawaka mpaka unataka kuonja. Nikayeyuka. Nikapanda bajaji mpaka Nkuhungu nimelikumbatia boksi kama mtoto mgonjwa, upepo unatupiga vumbi, mwenyewe nacheka peke yangu.

Usiku wa kwanza nikajua kuna jambo. Nabonyeza pasi, mchezaji kwanza anatafakari. Nabonyeza kukaba, mshambuliaji ameshapita, ndipo beki wangu anajirusha kwenye nyasi tupu. Penalti ndiyo usiseme. Nikabadilisha pedi. Nikabadilisha waya. Nikazima PS nikaiwasha upya kama inavyotushauri dunia nzima. Wapi!

Sasa mimi si mtu wa kulalamika bila ushahidi. Nilichomeka laptopu kwenye TV ili picha moja ionekane sehemu zote mbili, nikafungua saa ya kuhesabu sekunde, nikaviweka vioo viwili ubavu kwa ubavu na kuvipiga picha kwa simu. Laptopu inasoma 14.52. TV inasoma 14.40. Yaani TV iko nyuma kwa sekunde 0.12, na gemu yangu inatoa picha 60 kwa sekunde, kwa hiyo ninachokiona ni cha picha saba zilizopita. Mpira umeshaingia golini, mimi bado naonyeshwa anakunja mguu. Isitoshe kingo za picha zilikuwa zimeliwa, ile saa ya kona ya chini kwenye kompyuta imebaki nusu, na maandishi mekundu juu ya bluu yamevimba kama yamelowa.

Kesho yake nikaenda dukani na ile picha. Bwana yuleyule. Hakuishika hata simu. "Kaka, TV nzima hii, mbona wenzako hawarudi? Labda mikono yako ndiyo mizito." Dada wa kaunta akacheka. Kuna mzee alikuwa ananunua pasi, naye akacheka, na yule mzee hata PS haijui! Nikaonyeshwa karatasi ya ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikatoka. Sikumbuki hata nilirudi na daladala gani.

Aliyeniokoa ni mpwa wangu anayesoma UDOM, alikuja Jumapili kula. Nikamsimulia kwa uchungu, akaniangalia kwa ile huruma ya vijana. "Mjomba, umewasha modi ya gemu?" Akashika rimoti. Kumbe TV huwa haikuonyeshi picha kama ilivyofika. Inaipitisha jikoni kwanza: inaisafisha, inaikoleza, na kubwa zaidi inatunga picha za kati ili mwendo uonekane laini. Ili itunge picha ya kati ni lazima isubiri inayofuata ifike, na kusubiri huko ndiko beki wangu alikokuwa anatafakari. Kwa filamu hujali, maana sauti nayo inacheleweshwa vilevile, mdomo na maneno vinakwenda pamoja. Kwa gemu ni msiba. Monita nyingi hazina mapishi hayo, picha ikifika inatolewa. Modi ya gemu inaifanya TV iache mapishi.

Akaiwasha, tukapiga picha tena: 22.31 na 22.29. Akaenda kwenye jina la tundu la HDMI, pale unapochomeka waya wa picha, akaliita PC, yaani kompyuta, maandishi yakanywea yakawa makali. Akazima kukuza picha, kingo zikarudi. Dakika tatu, chai yake haijapoa. (Bado alinifunga 4–1, ila siku hiyo nilikuwa nimechoka.)

Kwa hiyo TV ilikuwa nzuri muda wote, na kwa haki niseme hivyo: kwa PS4 na kochi, nzuri sana. Na hapo ndipo hasira yangu iliporudi mara mbili. Dakika tatu! Yule bwana anauza TV kila siku ya Mungu, alishindwa kuniambia "washa modi ya gemu" akaona rahisi kunitukana mikono? Afadhali angekuwa tapeli. Tapeli angalau anaijua bidhaa.

Halafu modi hiyo inakumbukwa kwa kila tundu peke yake, angalau kwenye TV yangu. Mtoto alihamisha waya kutoka tundu la kwanza kwenda la pili, nikacheza nusu saa nzima natukana beki kabla sijashtuka.

Ila kwenye kazi yangu TV hii imeniumbua. Ile rangi ya dukani ina ubluu mwingi, nami nilihariri harusi nzima juu yake kabla mpwa hajaja. Gauni likaonekana la baridi, nikaongeza njano, nikaongeza tena, likakaa vizuri. Bibi harusi akafungua video kwenye simu yake: gauni kama limelowekwa kwenye chai ya rangi. Akanipigia mama yake, si yeye. Nikarudia kazi siku mbili bila malipo. Halafu ukiikalia mezani inchi 43 usoni, shingo inageuka kama unaangalia tenisi. Kwa hiyo kwa kuhariri, narudisha maneno, monita. Nilikuwa sahihi nilipotoka nyumbani.

Basi, nikaazima monita ya rafiki, inchi 24, ilitoka ofisini kwao. Maandishi kama yamechongwa. Pedi na mchezaji ni kitu kimoja. Nikafurahi dakika moja, nikagundua hakuna sauti. Monita haina spika! Ikabidi nichomeke sabufa kwenye kitundu cha hedifoni nyuma yake. King'amuzi chetu cha zamani ni kile cha waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, na monita haina pa kuzipokea. Mama watoto alisimama mlangoni akaangalia zile nyaya, akaangalia kioo, akauliza, "Sasa baba, sisi watano tunakaaje hapo?" Sikuwa na jibu. Na hizo hezi 144 za monita za gemu wanazosifia vijana, yaani kioo kubadilisha picha mara 144 kwa sekunde, PS4 yangu haivuki 60, ningelipia hewa. Mwenye PS5 sawa, inaweza kufika 120.

Mnaoniuliza tununue ipi, nimeshajibu mara tatu tofauti kwa watu watatu. Leo nasema TV ibaki sebuleni, nami nijipange nipate monita ndogo ya chumbani kwa kazi. Nikikumbuka lile gauni nasema uza TV. Lakini chochote mtakachonunua, nendeni na PS au laptopu yenu dukani, chomekeni, pigeni ile picha ya saa kabla hamjatoa hela. Akikataa kuchomeka, ondokeni.

Juzi kati nilipita mlangoni pake nikielekea Jamatini. Yuko nje, ameegemea boksi, akaniona kabla sijavuka barabara. "Bosi wangu! Vipi, TV inaendeleaje?" Hotuba ninayo, nimeifanyia mazoezi bafuni wiki nzima. Nikajikuta nasema, "Nzuri tu, bwana." Nzuri tu! Nimejichukia mpaka stendi.